Sura ya Sita: Dakika Kumi na Tatu

Ukikaa pembeni ya uwanja wa Donbosco jijini Dar es Salaam siku ya mechi za BDL, ligi ya kikapu ya jiji, robo ya pili haitaisha kabla hujasikia jina la Hasheem Thabeet, Mtanzania aliyefika NBA. Na likishatajwa, linafuatwa na swali lile lile: hivi hawa Memphis waliona nini hadi wakambeba mtoto wa Makongo wakamwacha Stephen Curry? Swali huulizwa kwa kicheko. Anayejibu naye hucheka, mazungumzo yanahamia kwingine, na hukumu inabaki palepale: jamaa alikuwa mrefu tu, mpira hakuujua.

Hukumu hiyo siikubali, na swali lenyewe silikubali pia. Tuanze na swali. Usiku wa Juni 25, 2009, kwenye drafti ya NBA jijini New York, Los Angeles Clippers walimchagua Blake Griffin kuwa wa kwanza. Memphis Grizzlies wakamchukua Thabeet wa pili. Oklahoma City wakamchukua James Harden, Sacramento wakamchukua Tyreke Evans, na Minnesota, waliokuwa na zamu mbili mfululizo, wakachukua wachezesha timu wawili, Ricky Rubio na Jonny Flynn. Ndipo Golden State, katika nafasi ya saba, wakamchukua Curry. Timu tano zilimpita kijana yule, na moja kati ya hizo ilimpita mara mbili huku ikitafuta mtu wa nafasi ileile anayocheza yeye. Mwenye hamu ya kucheka aanze na Minnesota.

Tena hata baada ya msimu mzima, watu waliolipwa kutazama kikapu usiku na mchana bado hawakuwa wamemwona. Kura za mchezaji bora wa mwaka wa kwanza zilikwenda kwa Evans, aliyemaliza msimu kwa wastani wa pointi 20.1, ribaundi 5.3 na asisti 5.8. Curry, kwa pointi zake 17.5, akawa wa pili. Wapiga kura hawakuwa vipofu. Evans alikuwa na mwili wa mtu mzima, alipenya alipotaka na muda alioutaka, na namba zake ni za aina ambayo kabla yake walikuwa wamezifikisha mwaka wa kwanza watu wa kuhesabika: Oscar Robertson, Michael Jordan, LeBron James. Mwaka 2015 Curry alitangazwa mchezaji bora wa ligi nzima. Evans hakuwahi kuitwa kwenye mechi ya nyota hata mara moja.

Kwa hiyo ugumu hauishi usiku wa kuchagua. Unaendelea mwaka mzima, mbele ya macho yetu, kwenye jedwali la takwimu ambalo kila mtu analo kwenye simu. Nimemchukua Thabeet kuwa mfano mkuu wa sura hii kwa sababu tunamjua, na kwa sababu alikosewa mara mbili: alipandishwa mno kabla hajaigusa ligi, akashushwa mno kabla hajajifunza kazi.

Namba zake za msimu wa 2009-10 ni hizi: mechi 68, dakika 13 kwa mechi, pointi 3.1, ribaundi 3.6, bloku 1.3. Zikisomwa hivyo, ni namba za mtu aliyeshindwa. Ila wachambuzi wana hesabu yao ya kuzitanua takwimu za mchezaji hadi dakika 36, ambazo kwa kawaida ndizo dakika za mtu wa kutegemewa. Ifanye kwa Thabeet utapata pointi zaidi kidogo ya nane, ribaundi zipatazo kumi, na bloku zaidi ya tatu na nusu. Dikembe Mutombo, Mkongo wa Kinshasa ambaye Thabeet alilinganishwa naye tangu chuoni, aliingia ligi mwaka 1991 akawa anapata bloku 3.0 kwa mechi, na alikuwa akicheza dakika nyingi kuliko hizo 36. Ghafla mtu aliyeshindwa anafanana na Mutombo.

Picha zote mbili zinadanganya. Ya kwanza inauchukua uamuzi wa kocha na kuuandika kama uwezo wa mchezaji. Ya pili inadhani dakika zinagawiwa bure, kwamba aliyefanya vizuri kwa dakika 13 angefanya hivyohivyo mara tatu kama angeachwa tu uwanjani. Asingeachwa, na sababu kubwa ni faulo. NBA inamtoa mchezaji akifikisha faulo sita, na Thabeet wa mwaka ule alikuwa akizikusanya kwa kasi ambayo isingemfikisha mwisho wa mechi. Halafu kuna suala la wapinzani: senta wa akiba anaingia wakati senta wa akiba wa upande wa pili naye anaingia. Hesabu ya dakika 36 haina safu ya kuandika ulimzuia nani.

Ndiyo maana mimi, nikimtazama ruki, yaani mchezaji wa mwaka wa kwanza, pointi nazitazama mwishoni. Kwanza natafuta kinachomtoa uwanjani. Kila ruki ana kitu kinachomrudisha benchi: faulo, mpira kumponyoka, pumzi, kusahau mpango wa ulinzi, kutupa mpira usiomhusu. Nikishakijua kitu hicho, nakifuatilia mwezi kwa mwezi. Novemba kikiwa kikubwa na Machi kikiwa kidogo, kijana anakua, hata kama wastani wake wa pointi haujasogea. Kikibaki kilekile, pointi zinaweza kupanda na bado nikaingiwa na wasiwasi.

Cha Thabeet kilianzia chuoni, ila chuoni hakikuonekana. Akiwa Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun, msimu wa 2008-09 alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2. Timu ilishinda mechi 31 na kupoteza 5, ikafika hatua ya timu nne za mwisho nchini. Yeye mwenyewe alikuwa mlinzi bora wa kanda ya Big East miaka miwili mfululizo. Hakuna aliyezitia chumvi namba hizo. Ila nyuma yake kulikuwa na ruhusa: kanuni za kikapu cha vyuo vya Marekani hazimzuii mlinzi kupiga kambi chini ya kikapu. Mtu wa mita 2.21 akisimama pale, mikono juu, gadi wa miaka 19 anayepenya anaona ukuta.

NBA haitoi ruhusa hiyo. Tangu msimu wa 2001-02 mlinzi haruhusiwi kukaa kwenye eneo la rangi lililo chini ya kikapu kwa zaidi ya sekunde tatu kama hakuna mtu anayemkaba kwa karibu. Akizidisha, wapinzani wanapewa mtupo wa adhabu na mpira unabaki kwao. Sisi tuliokulia kwenye kanuni za FIBA hatuna sheria hiyo, na nadhani ndiyo sababu katika mabishano yote ya Thabeet niliyoyasikia Dar, sekunde tatu hizi hazitajwi. Kwake zilikuwa kila kitu. Kazi yake ilikuwa kusimama mahali. Sasa ikawa kutoka mahali na kurudi, kutoka na kurudi, mechi 82 kwa msimu, baada ya kuzoea mechi thelathini na kitu.

Hebu tukitazame kwa karibu kitendo kimoja kinachorudiwa mara makumi katika kila mechi. Mchezesha timu anakuja na mpira kutoka katikati. Senta wake anapanda karibu na mstari wa pointi tatu, anasimama kama nguzo, ndiyo skrini yenyewe, mlinzi wa mchezesha timu anajigonga pale. Senta anayezuia, tuseme ni Thabeet, sasa ana watu wawili mbele yake na chini ya sekunde moja ya kuamua. Mguu wake wa kwanza unatakiwa uende pembeni. Nyonga ziwe chini, mkono mmoja uwe kwenye njia ya pasi, na jicho lisitoke kiunoni mwa mwenye mpira. Akichelewa, yule senta aliyekuwa nguzo ameshageuka na anakimbilia kikapu. Akiwahi mno, mwenye mpira anasimama palepale na kutupa kwa raha zake. Thabeet wa mwaka wa kwanza, nilivyomwona mimi, alikuwa akirudi kinyumenyume akiwa amesimama wima, miguu sambamba, halafu anaruka wakati mfungaji ameshamgusa kifua. Mpira ule ule aliokuwa akiuzuia chuoni anaufikia sasa kwa kuchelewa kidogo sana, na kuchelewa huko ndiko kunakoitwa faulo.

Dalili ilikuwapo kwa aliyetaka kuiona. Februari 16, 2009, siku Thabeet alipotimiza miaka 22, Connecticut walikuwa timu namba moja nchini na Pittsburgh wakawafuata Hartford. Senta wa Pittsburgh, DeJuan Blair, alikuwa na futi 6 na inchi 7, kwa nafasi ile ni mfupi kabisa. Akaondoka na pointi 22 na ribaundi 23, timu yake ikashinda 76 kwa 68. Thabeet alipata pointi 5 na ribaundi 4. Katika tukio ambalo watu hawakulisahau, wawili hao waligombea mpira, mikono ikanasana, Blair akainama na Thabeet akapita juu ya bega lake hadi sakafuni. Waliocheka waliona mtu mnene amemrusha mtu mrefu. Aliyetazama miguu aliona kwamba Blair alifika chini kwanza, akakaa, akaifanya nafasi kuwa yake, na kwamba urefu wote ule haukuwa na mahali pa kushikilia.

Ila nisiugeuze usiku mmoja kuwa unabii. Blair mwenyewe aliangukia nafasi ya 37 katika drafti ileile kwa sababu ya hali ya magoti yake, akawa mchezaji wa kawaida mwenye manufaa kwa San Antonio, na miaka michache baadaye akatoka kwenye ligi. Mechi moja ina habari ndani yake. Hukumu haina.

Watetezi wa Thabeet, nami nikiwa mmoja wao siku nyingine, wana jibu la haraka: alianza kikapu akiwa na miaka 15, mngetegemea nini? Jibu hilo lina ukweli, maana ruki ana umri wa kuzaliwa na umri wa mchezo, na ni wa pili unaofaa kuutazama. Kijana wa Marekani mwenye miaka 22 anaweza kuwa na miaka 15 ndani ya mchezo. Thabeet alikuwa na saba. Tatizo ni kwamba Joel Embiid wa Kameruni naye alianza akiwa na miaka 15. Hakeem Olajuwon wa Lagos alianza akiwa kijana mkubwa, akachaguliwa wa kwanza mwaka 1984, wakati Jordan alikuwa wa tatu, na hakuna anayelalamika. Kwa hiyo kuchelewa peke yake hakutoshi kueleza.

Tofauti naiona katika yale miguu na mikono iliyoyafanya kabla ya kikapu kufika. Olajuwon alikuwa kipa wa soka na alicheza mpira wa mikono. Embiid alikuwa wa voliboli. Hatua ndogo za pembeni, kugeuka juu ya kisigino, kudaka kitu kinachokuja kwa kasi huku jicho likiwa kwingine: hayo walikuja nayo, kikapu kikayapa tu jina jipya. Kutupa mpira mtu anafundishwa ukubwani. Kawhi Leonard alitoka chuoni akiwa mtupaji dhaifu wa pointi tatu, San Antonio wakamtengeneza mkono na mwaka wake wa kwanza akafikisha asilimia 37.6. Nguvu hujengwa, mpango wa ulinzi hukaririwa. Mikono ya kudaka pasi ngumu ukiwa kwenye kasi, sijaona wengi wakiipata baada ya miaka 20. Kama ningelazimishwa kutabiri maisha ya senta kwa kutazama kitu kimoja tu, ningetazama ni pasi ngapi zinamgonga vidoleni na kutoka nje.

Kuna jambo jingine lisilohusu mwili wa Thabeet hata kidogo. Memphis walikuwa na senta tayari. Marc Gasol, aliyechaguliwa wa 48 mwaka 2007, alikuwa ameshacheza msimu wake wa kwanza kwa pointi 11.9 na ribaundi 7.4, na baadaye, mwaka 2013, akawa mlinzi bora wa ligi nzima. Kiangazi hichohicho cha 2009 wakamleta Zach Randolph. Kocha Lionel Hollins alikuwa na timu iliyokuwa inanusa ushindi: kutoka mechi 24 msimu uliotangulia, ikashinda 40. Katika mbio kama hizo, kosa la ruki linaweza kuipotezea timu mechi, na kocha anayepoteza mechi anapoteza kazi. Kumhukumu Thabeet kwa dakika zake 13 bila kumtaja Gasol ni kama kumpima mpishi kwa vyombo alivyoosha.

Kinyume chake, ruki kuachiwa dakika za kukosea, kipo kwenye drafti ya mwaka 2013, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijui darasa jingine la drafti lililotufundisha vizuri hivi.

Wa kwanza kuchaguliwa alikuwa Anthony Bennett, Mkanada, kwenda Cleveland. Alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa bega, hakucheza ligi ya kiangazi, mwili ukawa mzito. Alimaliza msimu na pointi 4.2 kwa mechi. Mwenye huruma angesema subirini, bega litapona. Lilipona, na bado hakuinuka. Alicheza mechi 151 za NBA kwa jumla, basi. Namtaja kwa sababu wapo wanaoamini kwamba kila ruki aliyeanza vibaya ni nyota aliyenyimwa subira. Wengi ni wachezaji wa kawaida wenye sababu za kweli.

Wa 11 alikuwa Michael Carter-Williams, kwenda Philadelphia. Mechi yake ya kwanza kabisa, dhidi ya Miami Heat waliokuwa mabingwa, alipata pointi 22, asisti 12, ribaundi 7, na akapora mpira mara 9. Timu yake ikashinda. Alimaliza msimu na wastani wa pointi 16.7, ribaundi 6.2 na asisti 6.3, akatwaa tuzo ya ruki bora bila ushindani wa maana. Februari 2015, miezi michache tu baadaye, Philadelphia wakamuuza. Wakati huo watu walishangaa. Lakini geuza jedwali utazame nyuma yake: Philadelphia ya 2013-14 ilishinda mechi 19, ilipoteza 26 mfululizo, na ilikuwa ikicheza kwa kasi kuliko timu zote za ligi. Kasi hiyo ina maana mashambulizi mengi zaidi kila mechi, hivyo mitupo mingi zaidi, ribaundi nyingi zaidi, kila kitu kingi zaidi. Na katika timu iliyopania kupoteza, mpira lazima ukae mkononi mwa mtu. Ulikaa kwake. Namba zilikuwa kubwa, na kile kilichokuwa kikimkwamisha, mtupo wa pointi tatu uliokuwa ukiingia takribani mara moja kwa kila minne, hakikusogea.

Wa 15 alikuwa kijana wa miaka 18, mtoto wa Wanigeria aliyezaliwa Athens, kutoka ligi ya daraja la pili ya Ugiriki. Giannis Antetokounmpo alimaliza mwaka wake wa kwanza Milwaukee na pointi 6.8, ribaundi 4.4 na asisti 1.9. Ukiwaweka Thabeet, Bennett na Giannis kwenye karatasi moja bila majina, hakuna namba hapo itakayokuruka machoni ikisema huyu ndiye. Namba iliyopendeza zaidi ilidanganya: mitupo yake ya pointi tatu iliingia kwa asilimia 34.7, karibu sawa na wastani wa ligi, na wapo walioandika kwamba huyu atakuwa mtupaji. Mwaka uliofuata ikashuka hadi 15.9, na hadi leo hakuwahi kuwa mtupaji. Mitupo mia moja na kitu ya msimu mmoja ni michache mno kumwambia mtu lolote. Bahati tu inaweza kuisogeza juu au chini kwa kiasi hicho.

Ila angeliwekwa mbele yako kwa macho badala ya karatasi, ungeona mambo. Alikuwa akiuchukua mpira wa ribaundi na kuupeleka mwenyewe hadi upande wa pili kwa hatua chache ajabu. Alikuwa akipitwa waziwazi, halafu anamkimbilia yule aliyempita na kumzuia kwa nyuma. Alikosea kila namna, pasi zikaenda jukwaani, lakini makosa yake yalikuwa ya mtu anayejaribu mambo mapya. Lililomshinda Desemba ulimkuta Februari akilifanya kwa mkono wa kushoto. Mwili wenyewe ulikuwa bado unarefuka. Na Milwaukee ya mwaka ule ilishinda mechi 15, ikapoteza 67, hakukuwa na cha kupoteza zaidi. Alipewa dakika 24 na ushei kwa mechi za kukosea, karibu mara mbili ya Thabeet, akiwa na umri mdogo kwa miaka minne. Mwaka 2019 na 2020 alikuwa mchezaji bora wa ligi, mwaka 2021 bingwa.

Je, Thabeet angekuwa Giannis kama angepewa dakika hizo? Hapana, sidhani kabisa. Mikono na nyonga nilivyokwisha kuvisema vingebaki vilevile. Ninachodhani ni kwamba angekuwa Bismack Biyombo.

Biyombo ni mtoto wa Lubumbashi, mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya sokoni na nyumbani. Alipitia Hispania, akachaguliwa wa saba mwaka 2011, akatua Charlotte iliyoshinda mechi 7 tu kati ya 66 katika msimu ule uliofupishwa. Alikuwa na pointi 5.2, ribaundi 5.8 na bloku 1.8, na kila mtu alisema hajui kufunga. Walisema kweli, hakujifunza kufunga hata baadaye. Lakini alicheza, tena alicheza karibu mara mbili ya dakika za Thabeet kwa mechi, na ulinzi wake ukakomaa hadi mwaka 2016 akiwa Toronto alipochukua ribaundi 26 katika mechi moja ya fainali ya kanda dhidi ya Cleveland ya LeBron. Akadumu ligini zaidi ya misimu kumi. Yeye ni mfupi kuliko Thabeet kwa karibu shibiri nzima, na miguu yake ni myepesi. Ukimtazama ruki wa aina hii usimuulize atakuja kufunga lini. Muulize kama kile kitu kimoja anachokijua kinaweza kumlisha.

Victor Wembanyama, ambaye baba yake ana asili ya Kongo, nitampitia haraka, maana hakuna aliyehitaji jicho la ziada kumwona. Hata hivyo San Antonio walianza msimu wa 2023-24 wakimchezesha kama fowadi pembeni ya senta mwingine, na ni Desemba walipomhamishia katikati, ndipo namba zake zikapaa. Mita 2.24, kipaji cha aina yake, na bado nafasi aliyopangwa iliweza kumpunguza kwa wiki kadhaa. Fikiria inavyomfanya mtu wa kawaida.

Kinachofanya haya yote yawe magumu kwa timu, tofauti na sisi wa pembeni ya uwanja, ni kalenda. Mkataba wa mchezaji aliyechaguliwa raundi ya kwanza una miaka miwili ya uhakika, kisha mwaka wa tatu na wa nne ni hiari ya timu. Na hiari ya mwaka wa tatu inatakiwa kuamuliwa kabla msimu wa pili haujaanza vizuri, yaani timu inaamua ikiwa imemwona kijana msimu mmoja tu. Memphis walimchukulia Thabeet mwaka wa tatu. Lakini Februari 2011, katikati ya msimu wake wa pili, wakamtuma Houston ili kumpata Shane Battier. Ni biashara ambayo siwezi kuwalaumu kwayo. Aprili 17 mwaka huohuo, katika mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya San Antonio, Battier ndiye aliyetupa pointi tatu zilizowavusha Memphis mwishoni, na huo ukawa ushindi wao wa kwanza kabisa wa mtoano katika historia ya timu. Thabeet akapita Houston, Portland na Oklahoma City, akaishia na mechi 224 za NBA na wastani wa pointi 2.2, kabla ya kwenda kuchezea Japani na Taiwan.

Kosa ninalowahesabia Memphis ni la mapema zaidi. Februari 2010 walimpeleka Dakota Wizards, kwenye ligi ya kukuza wachezaji iliyoitwa D-League wakati ule. Hadi wakati huo hakuna aliyechaguliwa nafasi ya juu kama yake aliyekuwa amewahi kushushwa huko, na habari ikaandikwa kama adhabu, pamoja na aibu zake. Alikaa muda mfupi akarudishwa benchi nyuma ya Gasol. Mimi ningempeleka Novemba, siku ligi hiyo inafunguliwa, nimwache hadi Aprili. Angecheza zaidi ya dakika 30 kila mechi, angefikisha faulo sita usiku baada ya usiku mbele ya jukwaa lenye watu wachache, angepanda kwenye skrini na kurudi mara elfu kadhaa kabla ya kuombwa kuifanya kazi hiyo mbele ya Tim Duncan. Leo ligi hiyo inaitwa G League na timu zinawashusha vijana wao wa raundi ya kwanza bila mtu kupandisha nyusi. Thabeet alikuja kuicheza kwa kirefu msimu wa 2014-15, akiwa na Grand Rapids Drive. Alikuwa na miaka 27, na wakati huo hakuna timu ya NBA iliyokuwa inamtazama kama mwanafunzi.